Sauti Mgongoni mwa Ngamia

Dubai

Wifi yangu Mwanaheri,

Assalaam aleikum. Naanza na mguu wa mama. Uvimbe umepungua, au bado anaukanda kwa mafuta ya ufuta na kukataa kwenda kwa daktari? Na Zuhra wangu, bado anakukimbia akitakiwa kusukwa nywele? Mimi ni mzima, ila kiyoyozi kinanibana kifua. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu tukipigiana tunaishia kulia, na jibu langu juu ya kumuuza punda hujalipata mpaka leo.

Ulisema mnunuzi kutoka bara atarudi baada ya Ijumaa, na kwamba tangu kaka yako afariki, punda wake Subira hamtii mtu. Shemeji Bakari akimpakia mchanga, anasimama pale penye kona ya kinu mpaka apigwe. Nilikuwa nimeshaamua kukuambia muuzeni. Kisha wiki iliyopita nikapelekwa kwenye mbio za ngamia.

Huku kila mwaka, joto likipungua, kuna tamasha la mbio hizo nje ya mji, jangwani. Watu wa nyumba ninayofanyia kazi wanalingoja kama sisi tunavyongoja Maulidi. Baba yake madam ana ngamia jike anayelishwa tende na asali na kufunikwa blanketi usiku. Madam akaniambia nifuatane nao, nimpakate mtoto.

Nilidhani nitaona wapandaji, kama vijana wetu wanavyopanda punda siku ya mashindano. Hakuna mtu. Mgongoni mwa ngamia kumefungwa kitu cha chuma, kidogo kama birika, kimevalishwa shati la rangi. Kina fimbo, na ndani kina spika. Wenye ngamia wanakimbiza magari kando ya uwanja wakiongea kwenye redio ya mkononi, na sauti zao zinatokea mgongoni mwa mnyama.

Nilikaa kiti cha nyuma na mtoto. Aliyeendesha ni Kato, dereva wetu Mganda. Mzee alikaa mbele, redio mdomoni. "Yalla, ya binti. Yalla, yalla." Ndiyo kusema twende, binti yangu. Anabembeleza, wifi, kama anamwita mtoto aje kula. Na huku kidole chake kinabonyeza, fimbo inazunguka, inampiga binti huyo huyo.

Nikamwambia Kato kwa Kiswahili, "Anambembeleza na kumpiga kwa wakati mmoja."

"Kwani dada, wewe hujaolewa?"

"Nimeolewa na mtu asiyepiga hata punda."

"Basi huyo mlete tumwone. Tutamweka kwenye maonyesho."

Nikacheka naye. Hajui kuwa nimefiwa, na sikutaka ajue pale. Kisha akasema, "Usikichukie hicho chuma. Zamani walikuwa wanapandishwa watoto. Wadogo, wa kufungwa ili wasianguke." Nikamshika mtoto wa watu kwa nguvu zaidi. Mpaka sasa sijui nikichukie kile chuma au nikishukuru.

Ngamia wetu hakushinda. Mzee alishuka, akamkumbatia shingo, akamwambia neno sikioni kwa mdomo wake mwenyewe. Ngamia hakumtazama. Aligeuza shingo nyuma, akakiangalia kile chuma, kana kwamba mwenye sauti anakaa mle.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Subira.

Nina sauti ya kaka yako Athmani kwenye simu. Alinitumia nilipokuwa Mombasa kwa dada. Ananikumbusha nisisahau binzari, kisha anakatiza na kumgeukia punda: "Haya mzee mwenzangu, twende, jua linatuona." Anacheka, basi. Huwa naisikiliza nikipiga pasi, kwa sauti ya chini, na sijamsikilizisha mtu.

Leo nakutumia sauti hiyo kwenye simu yako. Mfungueni Subira mzigo, mpelekeni pale penye kona, na shemeji Bakari aiache fimbo nyumbani. Zuhra ndiye aishike simu, asimame upande wa kushoto, alikokuwa akitembea baba yake. Akitembea, mnunuzi mwambieni arudi zake. Asipotembea, mwambieni vivyo hivyo. Atakuwa amegeuka kumtafuta mtu na hakumwona. Yule hakaidi, wifi. Anangoja tu, na sisi tunajua kungoja kulivyo.

Shemeji Bakari asinikasirikie. Najua punda akigoma, mchanga unahamia mgongoni mwake. Akodi punda wa jirani, tutasaidiana. Mwambie mama mguu ni wa kuonyeshwa daktari, na akikataa, mwambie nimesema mimi. Shangazi muuza mahamri msalimie, na ya kwangu amlishe Zuhra. Mwalimu wake wa chuo cha Kurani naye umpe salamu zangu, na shukrani kwa kumvumilia.

Zuhra akitaka kuisikia tena, mwache. Hata mara ngapi.

Ni mimi, mke wa kaka yako,

Mama Zuhra