Jina Langu Ubaoni Kabla Sijaulizwa

Kijiji cha Hinokura,
Mkoa wa Nagano,
Japani.
Novemba 9

Mpendwa Shangazi Shizuyo,

Sasa hivi Ibuki amejiburuta kwa tumbo mpaka mlangoni, akanyakua soksi ya baba yake iliyotoka mazoezini, akaitia yote mdomoni isipokuwa kisigino. Nilipoivuta akanitazama kwa uchungu kama mtu aliyenyang'anywa wali. Kwa hiyo ukiona mwandiko unapanda na kushuka, ujue mkono mmoja unaandika na wa pili umeshika mguu wa mtoto.

Shikamoo Shangazi. Hujambo lakini? Goti linaendeleaje? Na huko Londrina, Brazil, joto limeanza? Mzee wako Tadaoki bado anakohoa asubuhi? Sisi kwa afya hatujambo. Ibuki ana miezi minane sasa, meno mawili ya chini yametoka, ananing'ata akinyonya halafu anacheka. Baridi imewahi mwaka huu. Asubuhi mashamba ya mpunga yaliyovunwa yanakuwa meupe kwa sakitu, na Mama mkwe ameshaitoa ile meza ya moto, tunakula tumetia miguu chini ya blanketi.

Ningekupigia simu, ila najua simu inakuchosha masikio, na haya ninayotaka kukwambia siwezi kuyasema kwa sauti ndani ya nyumba hii.

Shangazi, unazikumbuka mbio za kupokezana za vijiji, zile za Februari, barabara ikishafagiliwa theluji? Bado zipo. Klabu yetu ya Hinokura bado ipo pia, ingawa imebaki na watu wachache. Mwenyekiti ni Bwana Murase, kinyozi. Wengine ni mume wangu Shunpei, mwalimu wa shule, tarishi, na wale wa zimamoto. Tangu mpunga uvunwe wanakimbia kila jioni wakijiandaa kwa msimu, na ukipita kwenye duka la kunyolea husikii habari nyingine.

Mwaka huu wana hamu kuliko zamani, kwa sababu ya yaliyowapata majira ya baridi yaliyopita. Walichelewa mno. Shunpei alikuwa mkimbiaji wa mwisho. Alisimama pale kituoni akiusubiri mshipi wetu, ile tasuki ya kupokezana begani yenye jina la kijiji, lakini muda ukaisha kabla haujafika. Waamuzi wakamvisha mshipi mweupe usio na jina wakamwambia aondoke. Alikimbia kipande chake chote hivyo, na mshipi wetu ukafika umelowa jasho ukakuta hakuna wa kuupokea. Mimi nilikuwa na tumbo kubwa, nikimngoja mwishoni na chai. Hakuinywa. Mpaka leo halizungumzii jambo lile, na ukilitaja anakwenda kupasua kuni.

Sasa shida yenyewe. Kanuni inataka kila kijiji kiwe na kipande kimoja cha mwanamke. Mara iliyopita alikimbia muuguzi wa zahanati, naye amehamia mjini. Wasichana waliobaki hapa wako shule ya msingi, na akina mama wengine ni wa umri wa Mama mkwe. Bila mwanamke, Hinokura haina timu. Wanaume wetu watagawiwa kwa mji wa Kamizawa, wakimbie na jina la Kamizawa begani.

Jumanne nilikwenda dukani kwa Bi Kiyono kununua miso ya supu, Ibuki mgongoni. Bi Kiyono akanijazia mfuko wa machenza, hataki malipo.

"Kula, dada," akasema. "Kile kilima cha kanisa la zamani kitakutoa roho, utayakumbuka haya machenza."

"Kilima gani?"

"Wewe usinifiche. Jina lako limebandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji tangu juzi. Nimelisoma kwa macho yangu, na miwani nilikuwa nayo."

Nikapita ofisini. Kweli, Shangazi. Kipande cha tatu, Natsuho. Limeandikwa kwa brashi, maandishi mazuri kuliko ninavyoliandika mimi mwenyewe. Nikasimama pale na machenza yangu kama mtu aliyeona tangazo la msiba wake.

Jioni nikamuuliza Shunpei.

"Mwenyekiti hajaja kwako?" akasema, na uso ukamwiva. "Mimi nilijua ameshakuja. Yeye ndiye mkubwa wa klabu, ningemtangulia vipi?"

Kesho yake akaenda kwa Bwana Murase, akarudi na jibu. Murase naye alikuwa akimsubiri Shunpei. Amesema, "Mke wa mtu nitamwendea vipi kabla mumewe hajanifungulia mdomo? Nilipoona umenyamaza nikajua nyumbani mmekubaliana." Kila mmoja amemheshimu mwenzake hadi mimi nikasahaulika katikati. Na sasa kulifuta jina hawathubutu, maana watu wameshalisoma, na Murase atazikwa kwa aibu. Majina yanapelekwa wilayani Jumatatu.

Mama mkwe alipopata habari, naye aliipatia dukani, alichemka. Alimsema Shunpei mbele ya altare ya mababu ili na marehemu baba yake asikie.

"Wanaume wazima mmeshindwa kutafuta mwanamke mmoja, mnakuja kumnyang'anya mjukuu wangu ziwa lake? Maziwa ya mama anayekimbia yanageuka maji. Mimi nimezaa watatu, hata basi sikuwahi kulikimbilia. Likiondoka, nasubiri linalofuata."

Shunpei akasema, "Ndiyo, Mama," akatoka kupasua kuni. Tuna kuni za majira mawili sasa.

Shangazi, wewe ndiye uliyeninunulia viatu vyangu vya kwanza vya mbio kabla hujaondoka. Unajua shule sikuipenda, ila uwanja wake niliupenda. Hata nilipokwenda kiwandani kufunga uyoga nilikuwa nakimbia nikitoka zamu. Kwa hiyo nakwambia wewe tu: nilipoliona jina langu, baada ya ule mshtuko, kuna kitu kilinipanda kifuani, na hakikuwa hasira. Kisha nikakionea aibu, nikakimeza.

Juzi nikavaa viatu. Nilimwacha Ibuki amelala na Mama mkwe, nikasema naenda kutupa taka. Nikakimbia juu ya tuta la mto. Mwanzo miguu ilikuwa kama ya mtu mwingine, halafu ikanitambua. Pumzi inatoka nyeupe, korongo kasimama majini hanijali, na mimi nacheka peke yangu. Nilipofika daraja la pili mkojo ukanitoka. Sikuwa nimebanwa, ulitoka tu, kila hatua kidogo. Nikasimama. Nikajaribu tena, ukatoka tena. Nilirudi nyumbani nikitembea, koti nimelifunga kiunoni, na maziwa nayo yamelowesha fulana mbele. Nilikuwa nimelowa kotekote kama nguo iliyosahaulika kambani. Nilioga, nikasema nimerushiwa maji na gari.

Hilo ndilo linaloninyima raha. Nikikataa, timu hamna, na Shunpei atavaa jina la mji wa watu. Nikikubali, nikakwama katikati ya kile kilima mbele ya wilaya nzima, mshipi utakatikia mikononi mwangu. Waamuzi watasema muda umekwisha, mwenzangu ataondoka na ule mweupe, na watu watasema ni mke wa yuleyule. Sijui kama ndoa changa inaweza kubeba mambo mawili ya namna hiyo.

Jana nilipanda basi kwenda kwa mkunga aliyenizalisha, Bi Hosaka. Akanisikiliza bila kushtuka, akaniminyaminya tumbo. "Hujavunjika, mama. Umelegea. Kilicholegea tunakikaza polepole." Amenifundisha mazoezi ya kulala chali na kubana ndani, nikiyafanya Ibuki anadhani ni mchezo, ananipanda tumboni. Amesema nitembee kwanza, nisikimbie mpaka aniambie, na kwamba wengi hupona. Hakusema wote. Nilingoja aseme wote.

Leo asubuhi tulikuwa tunatundika figili barazani zikauke, mimi na Mama. Tangu Jumatano Mama alikuwa ananisubiri niteleze ulimi. Akafunga fundo, akasema:

"Natsuho."

"Naam, Mama."

"Katika hawa wote, nani amekuuliza wewe?"

"Hakuna, Mama."

"Hata mimi sikukuuliza. Nimekukataza tu." Akachukua figili nyingine, akaipangusa udongo muda mrefu. "Basi nakuuliza mimi. Unataka?"

Shangazi, nilifungua mdomo kusema sitaki, niwe mkwe mwema, nikajikuta nalia. Nikamwambia nataka. Nikamwambia na ya tutani, mkojo na yote, huku nimeshika figili kama mtoto aliyeshika mwanasesere. Nikangoja anichape kwa maneno.

Akasema, "Mimi nikicheka nabana miguu tangu nimzae Shunpei. Unadhani basi sikulikimbilia kwa sababu ya ustaarabu?"

Nilicheka mpaka na mimi nikabana. Tukaegemea nguzo wawili, jirani akachungulia juu ya uzio akidhani kuna aliyeanguka. Kisha Mama akakaza uso wake wa siku zote, akasema wakati wake hakukuwa na mkunga wa kumweleza mambo hayo, na kwamba hayo mazoezi nimwonyeshe usiku nikishamlaza mtoto. La kukimbia hakusema ndiyo. Amesema tu mtoto ataanza kupewa uji wa mchele mara mbili kwa siku, ili tuone.

Kwa hiyo usinisikitikie sana. Hofu ninayo, tena nyingi, naamka nayo. Lakini katikati ya hofu hiyo najiona nikishuka kile kilima na kitu kizito begani, na mtu mbele yangu amenyoosha mkono. Sijui ni ndoto ya kijinga. Ungekuwa karibu ungeniambia.

Nisalimie sana Mzee Tadaoki, mwambie asali na tangawizi asubuhi. Msalimie binamu Luciana na mapacha wake, na Bi Hatsue jirani yako, nimepata picha ya maua yake. Shunpei na Mama wanakusalimu, ingawa hawajui ninakuandikia nini. Ibuki anakupa soksi. Wazee wetu waliotangulia wakutazame kwa jicho jema, ulale usingizi mtamu, na goti likuachie upande ngazi zako bila kushika ukuta.

Kabla sijaandika jina langu, nasikia pikipiki ya Bwana Murase imesimama uani. Mama ametoka. Shunpei naye ameacha shoka. Mama anasema kwa sauti yake ile ya nje, "Vua viatu uingie, Mwenyekiti, lakini usimtazame mwanangu. Swali si lake." Sasa ananiita. Ibuki ameshachukuliwa na baba yake. Shangazi, nitasema nakubali, ila mwaka mpya ukifika na Bi Hosaka hajaniruhusu nitawaambia mwenyewe, mapema, watafute njia nyingine wala wasininunie. Anaita tena. Na nitawaambia, kwa heshima zote, kwamba siku nyingine kabla hawajachukua brashi kuandika jina la mtu, wamuulize kwanza mwenyewe.