Masharubu ya Mlinzi wa Geti

Nyumba za Wafanyakazi,
Mlango wa Saba,
14 Septemba.

Mpendwa wifi yangu,

Hujambo huko mbali? Mgongo umepoa, au bado unakusumbua ukiinama? Sisi wazima. Mama sasa anatembea bila mkongojo, na mapacha wanamuulizia shangazi yao kila siku.

Nakuandikia wewe kwa sababu mtu mwenyewe ni kaka yako. Nina wivu, wifi. Haya, cheka umalize.

Unajua yeye ni mlinzi wa geti la mbele hapa hotelini, na mimi niko mapokezi. Tangu apewe bunduki, kila mgeni anamwona kivyake. Mwezi uliopita walikuja mzee na mkewe, ambao kwao hata polisi hawabebi bunduki. Walipomwona tu wakabadilika rangi, wakaniuliza kama hapa kuna vita.

Siku hiyohiyo akashuka mama mmoja wa kofia pana. Kwao, anasema, hata duka la mikate lina mlinzi mwenye silaha, na pasipo mlinzi yeye hapati usingizi. Basi alipomwona kaka yako, akampa mikono miwili! Kila asubuhi alipita getini kumsalimu na kupiga naye picha, mkono begani. Na kaka yako naye, masharubu kayasokota, kifua mbele! Mimi nikimwomba avae vizuri tutoke, anadai kachoka. Akilini nilielewa ni malezi ya kwao yule mama. Moyo ukagoma.

Meneja hajui lugha zao, kwa hiyo mimi ndiye humwandikia maoni ya wageni kwa Kiswahili. Nikaandika: "Wageni wengi wanamwogopa mlinzi wa geti." Wengi! Walikuwa wawili. Sifa za mama wa kofia sikuziandika.

Kaka yako akanyang'anywa bunduki, akahamishiwa mlango wa nyuma, kwa madobi wa kike. Alirudi nyumbani, akachukua wembe, akanyoa yale masharubu aliyonioa nayo. Sasa anasimama mbele ya kioo anajifunza kutabasamu. Juzi akaniuliza, "Mke wangu, kwani na wewe nakutisha?" Nikakimbilia jikoni nikalia.

Wala usidhani wivu umeisha. Madobi wanasema bila masharubu amekuwa kijana! Nikisikia vicheko vyao huko nyuma, kalamu inanitoka mkononi.

Jana nilimwambia kaka yako kila kitu. Mpaka sasa hajanisemesha. Ukimwandikia, niombee msamaha. Leo asubuhi nikaenda kwa meneja, nikakiri, nikampa maoni yote neno kwa neno. Kazi yangu sijui itakuwaje.

Mchana mama wa kofia akapiga simu, anataka chumba mwezi ujao. Nikamuuliza kama ana ombi lolote. Analo. Nimeliandika kama alivyolisema, bila kupunguza hata nukta: "Yule mlinzi wa masharubu awe getini."

Msalimie shemeji, na fundi cherehani jirani yako. Mungu akulinde huko uliko, na mimi anilinde na moyo wangu.

Ni mimi wifi yako akupendaye, mwenye wivu wangu,
Mama Pacha