Kocha wa Dirma Aishiwa Visingizio

Jumapili, Bashay

Hatimaye amekubali! Misimu miwili kila tukiwafunga Dirma, kocha wao anasingizia upepo, mteremko au mpira. Kwa hiyo leo nilimwambia kocha mwenzangu achague upande, alete mpira na refa wa kwao. Tukashinda mabao mawili kwa bila.

Akapata kisingizio kingine. "Refa kamwamkia kocha wa Bashay shikamoo! Atampigiaje filimbi mzee wake?"

Refa akajibu kwa heshima, "Mzee, nilianza na wewe. Ulikuwa unalaumu nyasi, hukuitikia."

Wachezaji wa Dirma walicheka kuliko wetu. Kocha wao akanipa mkono. "Haya, mwalimu. Mmetufunga."

Nina furaha mno. Ila marudiano ni kwao, na nikifungwa sina ruhusa ya kutaja upepo.