Mama Alivyoifufua Kompyuta Yenye Sauti ya Baba

Mtaa wa Wafuma Hariri,
Margilan,
Juni 12

Mpendwa Shangazi Hosiyat,

Assalaam aleikum. Ninakusalimu mkono wangu ukiwa kifuani. Goti lako linaendeleaje? Munavvar aliniambia kuwa mlipozungumza mara ya mwisho ulikuwa unakohoa. Tafadhali usitoke asubuhi bila kitambaa cha shingoni, maana huko kwenu Siberia hata mwezi huu wa Juni si wa kuaminika. Na mumeo Turdali, presha yake imeshuka? Mwambie apunguze chumvi, na mwambie maneno hayo yametoka kwangu, si kwako, msije mkagombana bure.

Sisi huku ni wazima, alhamdulillahi. Forosadi zimekwisha, zimetuachia uwanja mzima madoa meusi. Aprikoti ndizo sasa zinaanza kudondoka. Jogoo wa jirani bado anawika saa anayotaka yeye.

Najua unachotaka kusikia. Siku ile ulipopiga simu nikakwambia kompyuta ya Baba imekufa, ulilia, kisha simu ikakatika. Tangu hapo mambo yamekwenda mbio, hata nikashindwa kukueleza vizuri. Leo nimekaa, nimejimiminia chai, nataka nikusimulie yote.

Wewe ulikuwa umekwisharudi huko Baba alipofanyiwa upasuaji wa koo, kwa hiyo hukuona alivyojiandaa. Madaktari walipomwambia kuwa sauti haitabaki, hakulia. Alijifungia chumbani na kompyuta ile ile ya zamani niliyosomea chuo, akaanza kujirekodi. Unamjua kaka yako: mtu aliyeongoza harusi za mji huu mpaka watu wakawa wanapanga tarehe kwa kumuuliza yeye kwanza. Alirekodi salamu, utani wa kukaribisha wageni, makemeo ya watoto, dua, na majina yetu sote. Mama alikuwa akipita mlangoni akisema, "Tazameni mwanamume huyu! Anaandaa kabisa maneno ya kunigombeza!"

Mimi nikampangia, kila neno na kitufe chake. Baada ya upasuaji, hicho ndicho kikawa kinywa chake. Mikono inamtetemeka, maandishi yake hayasomeki, na simu ina herufi ndogo mno kwa vidole vyake. Wewe uliposikia, "Hosiyat, dada yangu, umekula nini leo?" ni kidole chake kilichokuwa kinazungumza.

Mama hakuipenda kompyuta ile. Aliiita mke mwenza. Ilikaa kwenye kona ya chumba chake cha kushonea, na Baba alishinda mbele yake kuliko alivyoshinda mbele ya mtu yeyote.

Basi asubuhi moja, wiki chache kabla ya wakwe kuja kuvunja mkate wa uchumba wa binti yangu Munavvar, Baba alibonyeza pale pa kuwashia. Feni ikazunguka, mashine ikalia pii, pii, pii, skrini ikabaki nyeusi. Akazima, akawasha tena. Vile vile. Akainuka, akaenda kuketi chumba cha nyuma, uso ukutani.

Hakuna aliyekuwa amefikiria kunakili zile sauti pengine. Nani hufikiria kunakili kinywa cha mtu?

Mimi na Mama tukaibeba hadi kwa fundi sokoni. Alifungua ubavu mmoja tu, akacheka. "Mama yangu, hii si ya kutengenezwa, hii ni ya makumbusho. Niachieni. Waya wa kusomea diski ya aina hii nitauagiza Tashkent, nikiupata nitawaita."

Mama akatazama nyuma ya fundi. Kulikuwa na rundo la kompyuta zilizopasuliwa, matumbo nje, hakuna hata moja yenye jina la mwenyewe.

"Nimwache mume wangu kwenye rundo hilo?" akauliza.

"Mume wako?" fundi akashangaa.

"Oydin, shika upande huo," Mama akaniambia, na tukairudisha nyumbani.

Shangazi, siku zilizofuata zilikuwa nzito. Baba hakutaka kukaa na watu. Marafiki zake walipokuja alitoka, akawashika mikono, akarudi ndani. Tulipozungumzia shughuli ya Munavvar alinyoosha kidole kuelekea nyumba ya jirani, maana yake mzee wa pale ndiye asome dua. Munavvar akamwambia, "Babu, kama si wewe, sitaki dua ya mtu." Alimpapasa kichwa tu. Nilimwona amekuwa mdogo, kama koti lililotundikwa bila mtu ndani yake.

Nadhani hilo ndilo Mama alishindwa kulivumilia. Asubuhi moja nilifika nikamkuta ameondoa cherehani mezani, ametandika shuka jeupe, na kompyuta imelala juu yake. Mkononi ana bisibisi ndogo ya cherehani.

"Mama, unafanya nini?"

"Cherehani yangu nimeitengeneza mwenyewe tangu kabla hujazaliwa. Mashine ni mashine. Kaa hapo unisomee kwenye simu yako hizo pii pii maana yake nini."

"Na ukiiharibu?"

"Iliyokufa nitaiharibu namna gani?"

Baba alisikia, akaja akasimama mlangoni. Sikujua kama anataka kutuzuia au kututazama. Nafikiri hata yeye hakujua.

Mama alilegeza skrubu, akavuta kifuniko. Ndani hapakuonekana kitu ila vumbi, na katikati ya vumbi nyuzi: nyekundu, kijani, manjano, nyuzi za hariri za kila gauni aliloshona chumbani humo kwa miaka yote. Zilikuwa zimejisokota kwenye feni kama kiota. Mama akaketi chini.

"Ni mimi," alisema polepole. "Ni mimi niliyemziba koo."

Baba akaja. Akachukua uzi mmoja mwekundu kutoka ndani ya ile feni, akauzungusha kidoleni kama pete, akamwonyesha. Mabega yakaanza kumtikisika. Alikuwa anacheka, Shangazi! Tangu mashine izime tulikuwa hatujamwona akicheka. Mama akajifuta macho kwa mkono wa gauni, akamwambia, "Ondoka hapo, unaniziba mwanga."

Nakwambia, nilimtazama mama yangu siku hiyo kama mtu ninayekutana naye mara ya kwanza. Kila waya alioutoa aliufungia kipande cha uzi wa rangi, na pale ulipotoka akafunga uzi wa rangi ile ile, ili ajue pa kuurudisha. Vumbi alilisugua kwa brashi ya cherehani, palipokuwa pagumu kufika akapuliza kwa pampu ya baiskeli. Kila kipande alikishika kwa ncha za vidole kama anavyoshika hariri ambayo bado haijalipiwa, akakipanga kwenye shuka.

Tukairudishia kila kitu, tukawasha. Feni ikazunguka kimya kabisa. Halafu: pii, pii, pii.

Mimi nilikata tamaa. Mama akasema, "Soma tena."

Nikasoma. Simu ikasema kilio cha namna hiyo mara nyingi hutoka kwenye vile vibao virefu vya kumbukumbu, na kwamba meno yake yasuguliwe kwa raba ya kufutia penseli. Munavvar akaleta raba aliyokuwa nayo tangu shuleni. Mama akasugua mpaka meno yale yakang'aa, akaviingiza tena. Pii, pii, pii.

"Viko viwili," Mama akasema. "Huenda mmoja mgonjwa anamwangusha mwenzake."

Hilo simu haikuwa imetuambia, amelitoa kichwani mwake. Akatoa kimoja, akajaribu. Ikalia. Akakitoa kilichobaki, akarudisha kile cha kwanza peke yake. Tukangoja ilie.

Haikulia. Skrini ikapata mwanga.

Ikaandika kwamba imesahau tarehe, maana betri yake ndogo nayo ilikuwa imekwisha. Mama akaenda jikoni, akang'oa betri ya mizani ya unga, ikakaa sawasawa kama iliyoumbwa kwa ajili hiyo. Basi ikaanza kuamka taratibu, kama mzee anayetafuta viatu vyake.

Baba akavuta kiti. Kidole kikazunguka juu ya vitufe, akashindwa kuchagua. Kisha akabonyeza kimoja, na ile sauti ikatoka, nzito, ya kuamrisha, sauti yake yenyewe:

"Sabohat! Chai iko wapi, au maji yanatoka mtoni?"

Na Mama, bila kufikiri, akajibu kama alivyojibu maisha yake yote: "Subiri, mzee, nina mikono miwili tu!" Halafu akajisikia alivyosema, akajifunika uso kwa mtandio wake, akalia mpaka Munavvar akamshika.

Jambo la kwanza alilofanya baada ya machozi ni kunituma dukani nikanunue flashi. Tumenakili kila kitu. Moja iko kabatini na nguo zake za harusi, moja iko kwangu, na moja nimeifunga kwenye kitambaa ndani ya bahasha hii. Ni yako.

Siku ya kuvunja mkate wakaja wakwe, watu wazuri, wapole, ila wanakula pilau kana kwamba kesho hakuna. Tuliipeleka kompyuta chumba cha wageni. Baba alivaa kofia yake mpya. Wakati ulipofika alibonyeza, na dua ikajaa nyumba nzima: "Ee Mola, wape watoto hawa pipa lisilokauka unga, na mlango usiochoka kufunguliwa. Wakigombana, wasilale bila kusemezana." Tukapangusa nyuso kwa viganja, tukasema amin.

Bibi wa bwana harusi, mtu mzima sana, macho yake hayaoni vizuri, alikuwa ameketi karibu na mlango. Akauliza kwa sauti, "Nani huyo aliyesoma? Sijasikia dua nzuri hivyo tangu nizeeke. Msogezeni hapa nimsalimie."

Sisi tukatazamana. Baba akainuka, akapita katikati ya watu, akapiga magoti mbele yake, mkono kifuani. Yule bibi akampapasa uso. "Ni wewe, mwanangu?" Baba akatikisa kichwa kukubali. Kisha akageuka, akamvuta Mama kwa mkono wa gauni kutoka kwenye mabirika ya chai, akauchukua mkono wake akauweka ndani ya mikono ya yule bibi.

Mama akaona haya. "Mimi nimefuta vumbi tu, bibi," akasema.

Yule bibi hakuelewa kitu. Lakini hakuuachia ule mkono mpaka wageni waliposimama kuondoka.

Mama anasema, "Msalimu wifi yangu, mwambie aje kabla aprikoti hazijaisha, si kila mwaka kunituma nizikaushe mimi yeye azile." Baba anakusalimu kwa maneno yake, utayasikia. Munavvar anakubusu. Nisalimie Turdali na majirani zako wote wanaokukatia kuni. Mungu akujaalie afya na barabara fupi ya kurudi kwetu.

Ni mimi binti wa kaka yako, nikupendaye uliko,

Oydin