Walimu wa Korea Wangoja Kijiko Changu

Mke wangu Mwanakombo, hapo Bofu,

Salamu kwako na kwa paka wako anayenichukia. Huku Korea baridi inang'ata masikio, lakini mimi mzima, tena nimenenepa.

Jana mwalimu mkuu wa shule anakofundisha binti yetu Zuhura alitualika chakula pamoja na walimu wenzake. Hapo ndipo mtoto angeambiwa kama mkataba wake utaongezwa. Supu ya samaki ikaletwa, mvuke unapaa, na hakuna anayegusa. Nami nikatulia kama mgeni mwenye adabu, nangoja kukaribishwa. Supu ikaanza kupoa. Zuhura, jasho linamtoka, akaninong'oneza, "Baba, shika kijiko! Hapa hakuna anayekula mpaka mkubwa kwa umri aanze."

"Mbona hawajanikaribisha?"

"Baba, wallahi utanifukuzisha kazi!"

Nikapiga bismillahi, nikala. Vijiko vyote vikashuka pamoja. Mimi, mtoro wa shule, nangojwa na walimu!

Mwalimu mkuu akanimiminia chai kwa mikono miwili, akasema jambo. Zuhura akanifasiria, machozi yakimlengalenga: tangu aje, huwapa wakubwa kila kitu kwa mikono miwili bila kufunzwa, basi mwakani abaki. Bila kufunzwa! Hawaujui mwiko wako wa ugali uliomfunza adabu hao. Nikavimba kama andazi.

Mwambie Rehema wa dada yako, anayejiandaa kuja kufundisha huku, asitangulie wazee kushika kijiko. Nawe uliyezoea kunifukuza jikoni nikidokoa, jiandae mpenzi: nikirudi, naanza mimi.

Mungu akutunze, nikukute na ukali wako wote.

Mumeo, Athumani