Kukatwa Nikiwa Usingizini

Kampala, Jumapili

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Dada Bhoke anayekusomea afunge mlango kwanza. Haya ni yenu wawili. Goti lako linaendeleaje? Yule ng'ombe mwekundu amezaa? Mimi ni mzima, isipokuwa lile jambo la kifuani.

Mama, nimelazwa hospitali. Daktari anasema titi hili la kushoto, nililozaliwa nalo likiwa na kasoro, likakua kama la msichana, linaweza kuondolewa. Nilimwuliza kama lilitokana na mwiko uliouvunja ukiwa mja mzito, kama bibi anavyosema. Akatikisa kichwa: "Mama yako hakukosa lolote. Ulizaliwa hivyo tu." Hayo Bhoke anaweza kumsomea bibi hata mlango ukiwa wazi.

Ofisini sivui koti, hata jua likiwaka vipi. Makarani wenzangu wananiita Bwana Koti. Koti hili kwangu ni shuka lilelile ulilonifunga mpaka shingoni siku ya jando, watu wasilione titi. Nimechoka kujifunika.

Juzi walinipeleka chumba cha kupasulia. Nilipoona kitambaa chenye dawa ya usingizi kinaletwa usoni, niliruka kitandani, nikasimama wima kama siku ya jando, mikono kando, macho mbele. "Nikate hivi hivi," nikasema. Daktari akaamuru nirudishwe wodini. Dresa, yule msaidizi anayetufunga vidonda, Mjaluo wa Shirati, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Wewe Mkurya! Hapa nani atakupigia vigelegele? Ukitikisika kidogo tu, umeharibu kazi. Lala, ndugu yangu."

Nilikasirika, halafu nikaona anasema kweli. Kisu sikiogopi, mama. Naogopa kulala nisijue kama nilivumilia, na baba aje kuambiwa kuwa mwanawe alikatwa amelala. Hata hivyo nimemwambia daktari nitalala, naye atanipasua kesho asubuhi. Sitageuka tena. Baba akiuliza, mwambieni nililala kwa hiari yangu.

Msalimu baba, na bibi, na mjomba Marwa aliyesimama nami jandoni. Mwambie mdogo wangu Robi asiache shule.

Siku ile ulingoja njiani usikie kama nimepepesa macho. Kesho nitayafumba kabisa. Nikipata likizo nitakuja bila koti, mama. Ningoje palepale.

Ni mimi mwanao,
Mwita