Masikio ya Kambale wawili

Butembo, Jumatano. Mvua ndogo tangu alfajiri, na ukungu umekaa juu ya vilima kama mgeni asiyetaka kuaga.

Raia wote mnatangaziwa rasmi kwamba mlango wa chumba changu cha kulala umetiwa mafuta leo. Mama Masika, mke wangu, anasema ulikuwa unalia miaka na miaka. Kazi nimeifanya mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, nikiwa nimevaa kofia. Kama bado unalia, siwezi kuthibitisha. Mwenye masikio aje asikilize.

Nacheka, mais si kicheko.

Mimi ni dereva wa rulo, ile mashine nzito yenye gurudumu la chuma linalotetemeka ili kushindilia barabara. Miaka kumi na minne mgongo wangu, figo zangu na meno yangu vinashindiliwa pamoja na udongo. Bomba la moshi lilipasuka zamani. Fundi akalikata, akasema sasa mashine inapumua vizuri. Springi za kiti zilikufa, nikaweka kipande cha godoro. Jioni vidole vina ganzi, chai inamwagika kabla ya kufika mdomoni, na nyumbani naongea kama mtu anayehubiria watu wa ng'ambo ya bonde. Batoto wangu wanasema: "Papa, tuko hapa tu!"

Vizibo vya masikio tulipewa, vya sponji. Nilivivaa siku mbili. Kimoja kimepotea, kingine kinaziba tundu la bidoni ya mafuta hadi leo. Sina wa kumlaumu.

Kisha tukapata mkubwa mpya wa kazi, Chef Ilunga, mtu wa kutoka Kasai. Mtu mzuri kweli. Alikuja na neno moja: kuchunga watu. Madereva wote wapimwe masikio kituo cha afya, na yule ambaye masikio yamechoka aondolewe kwenye mashine, akae pahali pa kimya, afungue kizuizi cha barabara.

"Ni kwa kubachunga ninyi," alisema.

Hakuna aliyetaka kuchungwa. Dereva wa mashine ni mtu. Anayefungua kizuizi, nani anauliza jina lake?

Sasa hapo ndipo kuna jina. Kwetu Wanande, Kambale ni mtoto wa kiume wa pili, kwa hiyo kila nyumba ina wake. Kwenye kazi yetu tuko wawili: mimi, na Kambale wa Lubero, anayeendesha mashine ya kusawazisha udongo. Hana hata mwaka juu ya mashine. Huyo anasikia kiazi kikichipuka. Tunaitana ndoyi, wenye jina moja, na kwa sababu mimi namzidi miaka ishirini, ananipa heshima ya kaka. Siku ya kupimwa foleni ilikuwa ndefu. Infirmière, yule muuguzi, akaandika "Kambale" kwenye karatasi yangu, "Kambale" kwenye yake, akamwita mwingine.

Jumatatu karatasi zikafika. Moja imeandikwa "apte", yaani anafaa. Ya pili: "inapte, asirudi kwenye mashine." Chef akatuita sisi wawili bureau, ofisini kwake.

Akatuuliza, akitazama midomo yetu mmoja baada ya mwingine, nami natazama wake: "Ninyi ni bandugu?"

"Hapana, chef. Ni jina tu," nikasema.

"Sasa ni Kambale gani masikio yake imekufa?"

Ndoyi akaangalia chini.

"Bon. Mugeuke, muangalie dirisha. Nitaita. Mwenye anasikia aitike."

Tukageuka. Chef akaita, mimi nikaitika. Akaita tena, nikaitika tena. Ndoyi hakutoa sauti. Donc ikaamuliwa.

Hivyo ndivyo nilivyomwambia Mama Masika. Akapiga magoti kumshukuru Mungu, nami nikainamisha kichwa pamoja naye.

Mais hapa nyumbani kwangu, kwenye blogi inayosomwa na watu wachache, niseme ilivyokuwa.

Sikusikia kitu. Kwenye kioo cha dirisha niliona mdomo wa chef ukifunguka nyuma yangu, nikaruka na "Présent!" kama mwanafunzi. Na ndoyi hakunyamaza kwa uziwi. Kwetu jina likiitwa na wenye jina wako wawili, mdogo anangoja mkubwa aitike kwanza. Mkubwa akishaitika, mdogo hapaazi sauti juu yake. Aliniachia nafasi, kama alivyolelewa.

Chef wa Kasai hakujua hiyo desturi.

Mimi nilijua. Mara ya kwanza unaweza kusema nilishtuka. Mara ya pili nilikuwa nimeukodolea macho kioo, nikimngoja.

Chef akamwekea ndoyi mkono begani kwa huruma: "Pole, Kambale. Utapumzika." Ndoyi akanigeukia. Alikuwa ananipa nafasi tena, mkubwa aseme kwanza. Nikaangalia viatu vyangu. Naye hakunifanya muongo mbele ya chef.

Kwa hiyo masikio mazima yanachungwa, na yaliyokufa yanarudi kwenye kelele kumaliziwa. Nimejaribu kutafuta njia ya kusema ukweli bila kushuka kwenye rulo. Haipo. Na kushuka sitashuka, najijua.

Asubuhi hii nimefika kazini, yeye amesimama kwenye kizuizi, koti lake limelowa. Ameinua ule mti nipite. Midomo yake imesogea, maneno matatu au manne.

Sijui ilikuwa salamu au laana.

Nimeitikia: "Ndiyo, ndoyi."